Yuda alirudisha hela na kuungama kosa. Sasa kwa nini hakupokelewa?

Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Wakuu, habari za Juma Kuu.

Leo Jumatano, kwa sisi Wakatoliki injili ya misa ni Mathayo 26:14-25. Yuda anakwenda kwa makuhani wakuu, anawauliza mtanipa nini, wanamhesabia vipande thelathini vya fedha. Kila mwaka inasomwa na kila mwaka mahubiri ni yaleyale: Yuda alipenda hela, tusiwe kama Yuda, sasa tujiandae kwa sadaka ya pili. Habari hii nimeisoma kwenye injili zote nne na Matendo, na kila nikiirudia majibu ya mimbarini yananipwaya. Naileta hapa kwa sababu kanisani ukiuliza unaambiwa una roho ya ukaidi.

Nianze na hela, maana ndiyo sababu iko midomoni mwa kila mtu. Yohana 12:6 anasema wazi kwamba Yuda alikuwa mwizi, mfuko alikuwa nao yeye na alikuwa akidokoa. Sawa. Sasa tupige hesabu. Mathayo hasemi ni sarafu gani, ila wengi huchukulia ni shekeli ya Tiro iliyotumika kwa malipo ya hekalu, ambayo ilikuwa sawa na dinari nne. Thelathini zinakuwa dinari 120. Dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2), kwa hiyo tunazungumzia kama miezi minne ya kibarua. Rudi Bethania siku chache kabla: ile marhamu aliyoimwaga Mariamu, Yuda mwenyewe aliipa bei ya dinari 300. Mtu anashika mfuko, anadokoa na hakuna anayemfukuza, halafu auze chanzo chote cha ulaji wake kwa chini ya nusu ya bei ya manukato ya siku moja? Mwizi gani huyo asiyejua biashara? Tena Marko na Luka hawataji kiasi kabisa, wanasema tu aliahidiwa fedha. Thelathini ni ya Mathayo peke yake, na ndiyo fidia ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe kwenye Kutoka 21:32.

Sababu ya pili wanasema Shetani alimwingia. Luka anaweka jambo hilo kabla Yuda hajawaendea makuhani. Yohana analiweka mezani, baada ya tonge alilopewa na mkono wa Yesu mwenyewe. Vyovyote iwavyo, kama mtendaji ni Shetani, Yuda ashitakiwe kwa lipi?

Ya tatu ni unabii: ilibidi iwe. Hapo ndipo panapouma. Luka 22:22, Mwana wa Adamu anakwenda kama ilivyokusudiwa, lakini ole wake mtu yule. Kusudi la Mungu na ole ya mtu vimewekwa kwenye aya moja, na aliyeandika hakuona haja ya kutufafanulia.

Ila kilichonifanya nifungue uzi ni Mathayo 27:3-5. Yuda alipoona Yesu amekwisha kuhukumiwa, alijuta. Alirudisha zile thelathini zote, hazikupungua hata moja. Akasema kwa kinywa chake kwamba amekosa, ameisaliti damu isiyo na hatia. Na hakwenda kulisema kijiweni, aliwaambia makuhani, hekaluni. Majuto, maungamo, malipizi: sisi tuliosoma mafundisho ya komunyo ya kwanza tulikaririshwa hivyohivyo vitatu. Makuhani wakamjibu, sisi yanatuhusu nini, shauri yako. Akazitupa hela hekaluni akatoka.

Petro usiku uleule kamkana Yesu mara tatu, tena kwa kuapa, mbele ya kijakazi asiye na upanga wala cheo. Petro akapewa kondoo achunge. Jibu la "Petro alitubu, Yuda alijuta tu" nalijua, msiniletee kavu. Nionyesheni machozi ya Petro yanazidi nini hela zilizorudishwa.

Karibuni, bila matusi.

Fundi Cherehani

Naweka kigoda mstari wa mbele. Uzi wa Yuda katikati ya Juma Kuu, mods msilale leo.

Mzee wa Kanisa

Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri lakini umeandika kama wakili wa mshitakiwa. Bwana mwenyewe alimwita mwana wa upotevu (Yohana 17:12), na kabla ya hapo alisema mmoja wenu ni shetani (Yohana 6:70). Huruma yetu isijifanye kubwa kuliko ya Bwana.

Kuhusu unabii, Mungu kujua si Mungu kulazimisha. Mama anayejua mwanawe mlevi ipo siku atauza bati za nyumba, siku zikiuzwa hatusemi mama ndiye kauza.

Na kuhusu Petro, soma 2 Wakorintho 7:10. Huzuni iliyo ya Mungu huleta toba, huzuni ya dunia huleta mauti. Petro alilia akabaki na wenzake. Yuda alijitenga akajihukumu mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti, na wala si ndogo.

Wakili wa Kujitegemea

Mzee, mfano wako mzuri, ila mama huyo hakumkabidhi mlevi ufunguo wa stoo. Yohana 6:64 anasema Yesu alijua tangu mwanzo ni nani atakayemsaliti. Mfuko kapewa nani? Mathayo mtoza ushuru alikuwepo palepale, mtu aliyeishi kwa mahesabu. Kapewa Yuda. Hapo "alijua tu, hakumlazimisha" inabeba mzigo mzito kuliko mabega yake.

Mleta mada, naongeza swali la kikazi. Makuhani walinunua nini hasa? Sura ya Yesu haikuwa siri. Kwenye Mathayo 26:55 Yesu anawaambia kila siku niliketi hekaluni nikifundisha, hamkunikamata. Luka 22:6 anatoa jibu: walitaka apatikane pasipo mkutano. Ni Pasaka, mji umefurika mahujaji, wanaogopa ghasia. Na Yohana 18:2 anasema Yuda alipajua mahali pale kwa sababu Yesu alikuwa akienda huko mara nyingi na wanafunzi wake. Walichonunua ni saa na kichochoro. Bila Yuda wangemkamata tu, labda siku nyingine. Kwa hiyo kwa upande wa matokeo, mchango wake ulikuwa mdogo kuliko sifa mbaya aliyopewa. Uzito wake uko kwenye urafiki uliovunjwa, na hilo silitetei.

Kisha mwangalie hilo busu. Mathayo na Marko wanalieleza, Luka anasema alimkaribia ili ambusu. Kwa Yohana halipo. Yesu anatoka mwenyewe, anawauliza mnamtafuta nani, na Yuda amesimama tu pamoja na askari. Kama tungeita mashahidi wanne mahakamani wangehojiwa hadi jioni.

Fundi Cherehani

Wakili umeanza kutoza kwa saa.

Kijiwe Huru

Mnazunguka mbuyu. Injili ya Yuda ipo, inasema Yesu mwenyewe alimtuma Yuda amsaliti. Roma waliificha miaka yote. Tafuteni elimu.

Wakili wa Kujitegemea

Kijiwe, ipo kweli, ila hiyo ya kufichwa na Roma hapana. Irenayo askofu wa Lyon aliitaja na kuipinga hadharani kwenye karne ya 2, na kitu unachokificha hukipigii mbiu. Nakala iliyopatikana ni ya Kikopti, ilitoka Misri miaka ya 1970, ikaangukia mikononi mwa wauza vitu vya kale. Ikaachwa miaka kama 16 kwenye sanduku la benki huko Hicksville, jimbo la New York, ikioza na kukatika vipande. Aliyeiharibu ni tamaa ya bei. National Geographic ndio walioitoa mwaka 2006.

Na hata hiyo haituokoi. Watafsiri wa mwanzo walimfanya Yuda mwanafunzi bora kuliko wote, anayefunuliwa siri ambazo wenzake hawakuzijua. Mwaka uliofuata msomi April DeConick akasema wamekosea pakubwa, kwamba maandishi yenyewe yanamwita pepo wa kumi na tatu. Kwa hiyo hata kwenye injili yenye jina lake jamaa bado hajaeleweka.

Mpemba Halisi

Assalaam aleikum, na kwenu Wakristo mfungo mwema.

Napita tu. Kwetu swali hili halisimami, maana Kurani 4:157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Wako wafasiri waliosema aliyefananishwa ni yule msaliti mwenyewe. Wenye umri wangu tunakumbuka mihadhara, Injili ya Barnaba yenye habari hiyo mkononi, watu wamejaa uwanjani mpaka Magharibi.

Kiti cha Nyuma

Waaleikum salaam mkuu, asante. Mihadhara hiyo nami niliikuta. Ila ile Barnaba ina shida zake. Nakala yake ya zamani iko Vienna, kwa Kiitalia, na ndani inataja yubile ya kila miaka 100. Kwenye Torati yubile ni ya miaka 50. Aliyetangaza ya miaka 100 ni Papa Bonifasi wa Nane, mwaka 1300. Mwandishi aliishi baada ya hapo.

Mpemba Halisi

Hilo wanalikubali hata masheikh wetu wasomi, siku hizi wengi hawaisimamii. Sikuja kwa mhadhara. Nilichotaka kuuliza ni hiki: kwenu nyinyi, bila msalaba hakuna wokovu, na kwenye njia ya msalaba Yuda yumo. Sasa mnamlaani mtu ambaye mnakula matunda ya kazi yake? Nauliza kwa heshima.

Mzee wa Kanisa

Ndugu yangu Mpemba, hata Pilato tunamtaja kila Jumapili kwenye Imani ya Mitume na hatumshukuru. Mungu kuigeuza hila ikawa heri hakumfanyi mwenye hila kuwa mwema. Yusufu aliwaambia nduguze hivyohivyo, Mwanzo 50:20. Mlinikusudia mabaya, Mungu akakusudia mema.

Kiti cha Nyuma

Mzee, kwa Yusufu umenipa silaha. Ndugu wa Yusufu walimuuza ndugu yao kwa vipande 20 vya fedha, tena wazo alilitoa Yuda mwana wa Yakobo. Wakaja wakasamehewa uso kwa uso, wakapewa ardhi ya Gosheni. Walipata nafasi ya kusimama mbele ya waliyemuuza. Huyu wa kwetu hakuipata. Kwa Mathayo, Yuda anakufa kabla Yesu hajafika Golgotha.

Mama Wawili

Jamani nami niseme. Yuda alikomunika au hakukomunika? Nimeuliza hili jumuiya ndogondogo nikaambiwa nisisumbue.

Wakili wa Kujitegemea

Mama, inategemea unamsoma nani. Kwa Mathayo na Marko, Yesu anamtaja msaliti kwanza, mkate na kikombe vinafuata, na hakuna anayesema Yuda alitoka. Kwa Luka ni wazi zaidi: mkate umeshatolewa, kikombe kimeshatolewa, ndipo Yesu anasema mkono wake anisalitiye upo pamoja nami mezani (22:21). Kwa Yohana hakuna kabisa habari ya mkate na divai, kuna kuoshwa miguu, na Yuda anaondoka baada ya hapo (13:30). Maana yake miguu yake ilioshwa. Augustino na Tomaso wa Akwino wote wawili walisema Yuda alipokea pamoja na wengine.

Mama Wawili

Basi mimi nimekaa miaka na miaka kwenye benchi wenzangu wakipanga mstari, kwa sababu mume wangu hajawa tayari kufunga ndoa kanisani. Sichukui hela ya mtu, simsaliti mtu. Padre nampenda, anafuata sheria. Ila leo hii nimejua Yuda alipewa, na mimi sipewi. Naomba mnisamehe kama nimekosea kusema.

Mzee wa Kanisa

Hujakosea mama. Ila soma na 1 Wakorintho 11:27, anayekula isivyostahili. Kupewa kulimzidishia hukumu.

Mama Wawili

Na aliyempa alijua.

Fundi Cherehani

Mzee leo wamekukalia kooni, kunywa maji.

Kijiwe Huru

Alivyokufa nako kuna mkanganyiko. Mathayo kasema alijinyonga, Matendo kasema alianguka akapasuka tumbo. Biblia yenu haijui marehemu alikufaje.

Mzee wa Kanisa

Alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka. Ni jambo moja.

Wakili wa Kujitegemea

Kamba inaweza kukatika, sina ugomvi nayo. Ugomvi ni shamba. Mathayo: makuhani ndio walionunua konde la mfinyanzi kwa zile hela, kwa sababu haikuwa halali kutia bei ya damu kwenye hazina. Matendo 1:18: Yuda mwenyewe alinunua shamba kwa ujira wa uovu wake. Hati ina jina la nani? Pia Mathayo anasema unabii ni wa Yeremia wakati maneno mengi yanafanana na Zekaria 11. Na Papia, askofu wa Hierapoli karne ya 2, alikuwa na toleo la tatu, kwamba Yuda alivimba mwili hata akashindwa kupita mahali gari la kukokotwa linapita. Watu hawakutosheka na kifo chake, kila aliyesimulia alitaka kiwe kibaya zaidi ya kile cha mwenzake.

Na hapo kwenye hazina wakuu, naomba msipapite haraka. Hao makuhani wametoka kununua mtu auawe, wakaja kusita kwenye kanuni ya kasha. Hela yetu wenyewe tuliyoitoa juzi, leo najisi. Ofisi za namna hiyo nimefanya nazo kazi.

Binti Mgeta

Nimesoma uzi wote kimya tangu asubuhi. Nataka kusema kitu kuhusu Mathayo 27:4, lile jibu la "shauri yako".

Mjomba wangu alikuwa mweka hazina wa kigango chetu huko milimani. Tulikuwa tunachanga kuezeka kanisa. Hela ikapungua. Alichukua, hakukataa, mke wake alikuwa amelazwa na alidhani atarudisha baada ya kuuza kabichi. Kabichi ikakosa bei mwaka ule, magunia yakaozea barabarani kusubiri lori. Akauza mbuzi, akarudisha karibu zote, akaomba kikao ajieleze. Walimsomea mapungufu yake mbele ya watu, wakamwambia suala lake liko ngazi ya juu, wao haliwahusu tena. Jina likaanza hapo. Watoto wa shule walikuwa wakimwona njiani wanaita "Yuda!" halafu wanakimbia migombani.

Alijiua mwaka uliofuata. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Padre hakuja. Katekista alikuja lakini bila kanzu, akasimama upande wa wanaume kama jirani tu. Kwaya walikaa wakiwa wamevaa kanga, sare waliziacha nyumbani kwa sababu waliambiwa huo si msiba wa kanisa. Wakati wa kushusha jeneza hakuna aliyeanzisha wimbo. Bibi ndiye aliyeanza, sauti imekauka, na wale wanawake wakamwitikia mmoja mmoja huku wanamwangalia katekista kama atakataza. Hakukataza.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako kwangu si la seminari.

Fundi Cherehani

Pole sana dada. Narudisha utani wangu mfukoni.

Mama Wawili

Pole mwanangu. Mungu amrehemu mjomba.

Kiti cha Nyuma

Pole Binti Mgeta. Naandika hili taratibu maana linakuhusu.

Yuda aliingizwa kwenye mambo ya maziko zamani. Augustino mwanzoni mwa karne ya 5 alipoandika kupinga kujiua, mfano aliouchukua ni Yuda: kwamba kwa kujinyonga hakulipia kosa, aliliongezea. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1917, namba 1240, zikawanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa makusudi, isipokuwa walioonyesha dalili ya toba kabla ya kufa.

Lakini kanuni hiyo haipo tena. Kanuni mpya za 1983, namba 1184, zinataja wanaonyimwa maziko, na aliyejiua hayumo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282, inasema wasiwasi mkubwa, hofu au matatizo ya akili hupunguza wajibu wa mtu. Namba 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu waliojiua, na kwamba Kanisa huwaombea. Waliokuambia si msiba wa kanisa walikuwa wanafuata mazoea ya babu zao, kitabu chao chenyewe kilishabadilika. Misa ya marehemu unaweza kuiombea nia hata kesho, na kwa kanuni hizo padre hana sababu ya kuikataa.

Na kuhusu Yuda mwenyewe, Kanisa limewatangaza maelfu kuwa watakatifu, halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kwamba yuko motoni, hata huyu. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita mlegevu, alifundisha juu ya Yuda tarehe 18 Oktoba 2006 akasema si kazi yetu kukihukumu kitendo chake tukajiweka mahali pa Mungu. Alhamisi Kuu ya mwaka 1958 paroko mmoja wa Italia, Primo Mazzolari, alihubiri akimwita "ndugu yetu Yuda". Marehemu Papa Fransisko alipenda kukitaja kichwa cha nguzo moja ya basilika ya Vézelay, Ufaransa, ya karne ya 12. Upande mmoja Yuda ananing'inia. Upande wa pili mwanamume amembeba mabegani, na wengi wanasema ni Mchungaji Mwema. Fikirieni mchonga mawe wa zama zile, hakuna aliyemtuma kufikiria hivyo.

Mzee wa Kanisa

Binti Mgeta, pole sana. Nimelisoma lako mara mbili kabla ya kuandika.

Kiti cha Nyuma, hayo ya mapapa ni ya kwenu, sisi wa upande huu tunashika Neno. Na Neno lipo, hujaligusa tangu uzi uanze: Mathayo 26:24. Ingekuwa heri kwake mtu yule kama asingalizaliwa. Kama Yuda aliokoka mwishoni, hata kwa kuchungulia mlangoni, basi ilikuwa heri azaliwe. Bwana hasemi uongo. Nijibu hapo.

Kiti cha Nyuma

Nilikuwa naisubiri, ndiyo aya nzito kuliko zote.

Ninavyoisoma mimi, hiyo ni lugha ya maombolezo ya watu wa Biblia. Ayubu sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Yeremia 20:14 hivyohivyo. Wote wawili ni wapendwa wa Mungu. Yesu amekaa mezani na mtu anayempenda, anaona anakoelekea, anasema afadhali usingezaliwa kuliko yanayokuja kukupata. Ni kilio, sioni hukumu ya mahakama pale. Na saa chache baadaye bustanini, kwa Mathayo 26:50, bado anamwita rafiki.

Mzee wa Kanisa

Ayubu alikuwa akijisemea mwenyewe, na Yeremia akijisemea. Mtu aliyebanwa anaruhusiwa kuzidisha. Hapa anayesema ni Bwana, anamsemea mwingine, na anajua mwisho. Hiyo si lugha ya mtu aliyechoka.

Wakili wa Kujitegemea

Hoja hiyo ya Mzee ina nguvu. Mleta mada, "kilio" yako inaweza kubebwa, ila ushahidi wa "rafiki" ni mwembamba. Kwa Mathayo neno hilohilo anaambiwa yule aliyeingia arusini bila vazi, 22:12, na akatupwa nje gizani.

Kiti cha Nyuma

Nakubali "rafiki" peke yake haitoshi. Ila sibanduki kwenye 27:4. Mzee aliniambia Yuda alijitenga. Hakujitenga, alikwenda. Alikwenda palepale Torati ilipomwelekeza mwenye kosa aende, akiwa na hela mkononi. Waliojitenga ni wenye nyumba. Na wale kumi na mmoja usiku ule walikuwa wameshatawanyika, hata angetaka kuwafuata hakuna wa kumfungulia. Kama tunafundisha watu kwamba tofauti ya Yuda na Petro ilikuwa moyoni mwao tu, tunawasahau makuhani waliokuwa mlangoni.

Binti Mgeta

Mzee wa Kanisa, naomba kukuuliza na usinijibu kwa aya. Mjomba wangu angekuwa muumini wa kanisa lenu, ungemzika?

Mzee wa Kanisa

Nimekaa na swali lako tangu mchana.

Kwa utaratibu wetu, aliyejiua hazikwi na mchungaji, hakuna kengele, na jeneza haliingii kanisani. Mimi ni mzee tu, nisingeweza kubadilisha. Ningekuja. Ningebeba jeneza na ningekaa na familia mpaka matanga yaishe. Nimeshafanya hivyo mara moja kwa jirani, na kuna mzee mwenzangu hakunisalimia kwa muda.

Binti Mgeta

Asante kwa kusema kweli. Ila mjomba hakukosa wabebaji, mzee. Majirani walikuwepo. Alikosa mtu wa kumwombea kwa jina la kanisa alilolichangia bati.

Wakili wa Kujitegemea

Mzee, utaratibu huo umeandikwa wapi? Katiba ya dayosisi, kitabu cha ibada, au ni "tumekuta hivyo"? Maana kama ni la tatu, hakuna cha kubadilisha kwenye sinodi, ni wazee wa usharika wenu kukubaliana tu.

Mzee wa Kanisa

Kwa uaminifu, sijawahi kuona kifungu. Nilikuta hivyo kwa waliotutangulia na wao walikuta hivyo. Kikao cha wazee kipo baada ya Pasaka, nitaliweka kwenye mengineyo.

Mama Wawili

Mengineyo huwa yanafika mmeshachoka, mzee. Liwekeni juu.

Mzee wa Kanisa

Sawa mama. Nitaomba liwe ajenda.

Fundi Cherehani

Mzee, ukitoka kikaoni lete mrejesho humuhumu, usifungue uzi mwingine.